Mkutano wa Daraja

Redio zilikuwa nyingi mtaani, lakini jambo halikuhesabiwa kuwa limetokea mpaka Mama Spika alitangaze. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyokuwa ikibeba mikate kabla hajainunua. Nyuma, mahali pa mikate, alifunga betri ya gari, na juu ya betri akafunga spika mbili za kijivu zilizopeana mgongo kama mke na mume walionuniana. Alizunguka nayo mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, mwingine kwenye kipaza sauti, akitangaza maji yatakayokatwa, funguo zilizookotwa, duka lililoshusha bei na watoto waliopotea.

Sauti yake haikuwa na mpinzani. Tatizo lake lilikuwa chumvi. Ukimpa karatasi inayosema maji yatakatwa kesho, mtaa utasikia: "Jazeni ndoo! Jazeni masufuria! Jazeni na vikombe vya wageni! Kesho bomba litakohoa tu!" Kuna siku alitangaza pochi iliyopotea kwa uchungu mkubwa hata zikarudishwa pochi tatu.

Aliishi na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akija nyumbani kama mgeni na kuondoka kabla nguo zake hazijakauka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, na hakuna aliyejua walivyowezana. Mkwe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya mtaro, na alikuwa mtu wa neno mahali pake. Mama Spika aliwahi kubandika mlangoni kikaratasi, "Nimeenda sokoni ntarudi," na aliporudi akakuta "ntarudi" imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

"Ungenipa na maksi basi," alisema.

"Ningekupa, Mama, lakini umesahau nukta."

Walicheka mpaka chai ikapoa. Jioni zao zilikuwa za namna hiyo: mmoja akitia chumvi, mwingine akiichuja.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu shule. Miaka yote shule zilipangwa kwa nafasi, ya kwanza mpaka ya mwisho, na majina yakasomwa redioni. Kisha wakubwa wakasema nafasi zinawavunja watoto moyo, wakazifuta, wakaleta kitu kipya kilichoitwa daraja. Kila shule ingepewa daraja, kuanzia la kwanza hadi la nne, na mwalimu mkuu wa shule iliyoangukia daraja la nne angehamishwa. Kwenye kibanda cha kinyozi ubishi huu ulichukua muda mrefu kuliko kunyoa. Kinyozi alitaka nafasi zirudi. "Mimi nionyeshe wa kwanza na wa mwisho," alisema, wembe hewani, huku mteja akijikunyata. "Haya madaraja ni blanketi la kuwafunika wavivu."

Mama Spika hakufuatilia. "Natangaza mchana kutwa," alisema, "nikifika nyumbani nitangaziwe tena?" Alichojua ni kimoja. Mkwe wake alikuwa ameteremsha sanduku kutoka juu ya kabati na kulianika uani, likiwa wazi, lipigwe jua.

"La nini hilo?"

"Mkaguzi anakuja, Mama. Shule ikifanya vibaya, nitahamishwa. Afadhali lisinuke vumbi."

Mama Spika alilitazama lile sanduku kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeaga. Mwanawe barabarani, mkwewe kwenye shule ya mbali, na yeye humu ndani amtangazie nani?

Kesho yake akapewa karatasi ya kutangaza. Ilikuwa fupi: "Wazazi wote mnaombwa kuhudhuria mkutano kuhusu daraja la shule, ambalo liko hatarini kushuka. Mkaguzi atakuwepo."

"Neno kwa neno, Mama," mkwe alisema. "Mwaka jana ukumbi ulikuwa na wazazi wachache, na nusu yao walifuata kivuli. Safari hii mkaguzi atahesabu watu. Nakuomba. Bila chumvi."

"Bila hata chembe," aliapa Mama Spika, na alimaanisha.

Lakini aliposoma alijipiga paja. Daraja la shule! Kati ya mtaa na shule palikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua, na juu yake daraja la mbao ambalo tangu mvua kubwa lilikuwa limeinama upande mmoja. Ubao wa katikati ulikuwa ukicheza kama jino la mtoto. Hatimaye wakubwa wamesikia! Na mtu unatangazaje jambo zito kama hilo kwa ukavu wa karatasi?

Mtaa ukasikia: "Wazazi! Daraja la shule liko hatarini kushuka! Mkaguzi anakuja kulikagua! Watoto ni wetu, daraja ni letu! Mwenye nyundo aje na nyundo, mwenye kamba aje na kamba, asiye na kitu aje na mabega!"

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Fundi seremala alikuja na msumeno na vijana wake wamebeba mbao. Kinyozi alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akipokea watu, uso umechangamka, ila kila nyundo iliyopita alizidi kukunja paji.

"Mama," alinong'ona, "umetangaza nini?"

"Ulichoandika."

"Na hizi nyundo?"

"Kidogo tu."

Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa. Aliletwa na gari kwa barabara kuu, upande wa pili wa shule, kwa hiyo mtaro hakuuona. Alifurahi kuuona ukumbi umejaa, akawasha kompyuta yake, na picha ikatokea ukutani.

"Ndugu wazazi, sijawahi kuona watu wanaolijali daraja kiasi hiki."

Watu wakapiga makofi.

"Daraja hili," aliendelea, "limesimama juu ya nguzo nne."

Fundi seremala alinyoosha mkono. "Mbili, bwana mkaguzi. Nilizihesabu leo asubuhi."

"Nne, ndugu yangu. Huenda mbili hamkuelezwa. Na nguzo moja, ile ya mtihani, peke yake inabeba nusu ya uzito wote."

"Nusu?" Seremala aliwageukia wenzake. "Si niliwaambia? Ndiyo maana limelala upande mmoja!"

Mkaguzi alitabasamu kwa adabu. "Wataalamu wengine nao wanasema hivyo hivyo. Lakini mkumbuke, mtoto mmoja akianguka, anaivuta shule nzima."

Mama mmoja alisimama, mtoto mgongoni. "Wangu ameanguka mara mbili!"

"Pole sana. Alianguka somo gani?"

"Somo? Aliangukia mtaroni!"

Ukumbi ulicheka, kisha kicheko kikakatika vipande vipande, maana watu walianza kutazamana. Mwalimu mkuu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Mama Spika, aliyesimama nyuma karibu na mlango, alisoma maneno yaliyokuwa ukutani. Mtihani. Mahudhurio. Usafi. Ushiriki wa wazazi. Akayasoma tena, akitafuta ubao, msumari, chochote cha kupitisha mguu. Hakikuwepo.

"Kwa hiyo," seremala alisema taratibu, "daraja lenyewe ni maksi?"

"Ndiyo. Ni kiwango cha shule."

"Na lile la kupitia?"

"Lipi?"

Seremala alikunja futi yake. "Twendeni, jamani. Tumeitwa kusikiliza hesabu."

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Mkaguzi alitazama ukutani pale palipoandikwa "Ushiriki wa wazazi", akawatazama wazazi wanavyonyanyuka. "Nguzo hii huhesabiwa mwisho wa mkutano," alimwambia mwalimu mkuu kwa sauti ya huruma. Wa kwanza walikuwa wamefika mlangoni, na Mama Spika ndiye aliyekuwa ameuziba. Alimtazama mkwe wake. Mkwe hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma: alikuwa anatazama chini, kama mtu anayepanga nguo sandukuni.

Kipaza sauti kilikuwa shingoni kwake, na baiskeli nje ya dirisha. Akabonyeza.

"Tangazo!"

Kwa mazoea watu wote walisimama walipokuwa.

"Wamepotea watoto! Wengi! Mara ya mwisho wameonekana siku ya mvua, ng'ambo ya mtaro, wamevaa sare, mabegi mgongoni! Wanaiona shule, shule inawaona! Bwana mkaguzi, kwenye nguzo yako ya mahudhurio, watoto hao wanaandikwaje?"

Mkaguzi alisita. "Mtoto ambaye hayupo darasani… hayupo."

"Hata kama kengele anaisikia?"

"Hayupo, mama."

"Jamani! Mwenye kuwaona watoto hawa awaambie kwamba hawapo!"

Kicheko kilichofuata kilimrudisha hata mzee mmoja aliyekuwa ameshafika getini. Seremala aliketi tena, na safari hii akaketi mbele.

"Ngoja," alisema. "Daraja la mbao likiharibika, daraja la maksi linashuka?"

"Kwa kupitia mahudhurio, ndiyo," alikiri mkaguzi.

"Na kwenye nguzo zako zote hakuna penye daraja la mbao?"

"Hakuna. Mimi situngi vigezo, ndugu yangu. Napima tu."

"Ndiyo maana nasema nafasi zirudi!" kinyozi alirukia. "Wa kwanza wa kwanza, wa mwisho wa mwisho, kwisha!"

"Wewe kaa chini," alijibu mama mwenye mtoto mgongoni. "Zamani tulikuwa wa mwisho na tulikuwa mtaroni vilevile. Kilichobadilika ni jina."

"Angalau tulijua sisi ni wa mwisho!"

"Aliyenyolewa na huyu hahitaji kuambiwa nani wa mwisho," mtu alisema kutoka dirishani, na kinyozi akanyanyuka kumtafuta.

Walibishana mchana mzima. Walibishana kama usafi wa vyoo upimwe siku ambayo mkaguzi ametoa taarifa, au siku ambayo hakutoa. Walibishana kama mtihani wa siku moja unaweza kusema habari za mtoto wa mwaka mzima. Seremala alisema nusu ya uzito kwenye nguzo moja ni ujenzi mbaya, iwe ya maksi ama ya mbao, na safari hii alijua anachosema. Mkaguzi alivua koti. Mwalimu mkuu alijibu kila swali kwa neno lake mahali pake, na hakuna mzazi aliyetoka.

Mwishowe mkaguzi alihesabu vichwa, vya ndani na vya madirishani. Kisha kalamu ikasimama.

"Nina shaka moja," alisema. "Watu hawa hawakuja kwa ajili ya daraja."

"Bwana mkaguzi," alisema seremala, "muulize yeyote humu. Hakuna aliyekuja kwa kitu kingine."

Mkaguzi alifikiri, akaandika.

Alipoomba kuliona hilo daraja la mbao kwa macho yake, mtaa mzima ulimsindikiza. Mama Spika alitangulia na baiskeli, akionya kwa spika kwamba ubao wa katikati si wa kuaminika. Alionya mara nyingi mno, na mkaguzi, aliyegeuka kumsikiliza, akaukanyaga huo huo. Kiatu kimoja cheusi kilikwenda na maji. Vijana wawili wakamdaka kwapani kabla mwenyewe hajakifuata.

Kisha kutoka nyuma sauti ya mama mwenye mtoto mgongoni ikauliza kwa upole, "Pole, bwana mkaguzi. Umeanguka somo gani?"

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, kasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Na kwa kuwa nyundo, mbao na mabega vilikuwepo, kazi ilianza pale pale. Daraja lilipata nguzo mbili za ziada. Seremala alisema zisipofika nne atalala vibaya.

Majibu yalipokuja, mwalimu mkuu aliyasomea nyumbani, kimya, mezani. Shule ilibaki daraja la tatu. Mtihani ulikuwa vilevile, usafi vilevile, mahudhurio yalikuwa ya kabla ya mbao mpya. Nguzo ya wazazi ndiyo iliyolishikilia, maana ilijaa mpaka juu.

"Kwa hiyo hakuna kuhama?" aliuliza Mama Spika, akijifanya anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Hakuna, Mama."

"Na mwakani?"

"Mwakani utakuwa na tangazo lingine." Mkwe alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akausukuma upande wa pili wa meza.

Mama Spika aliusoma. "Daraja la shule limesimama imara." Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

"Lipi, mwanangu?"

"Soma tu, Mama. Neno kwa neno."

Na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisoma neno kwa neno, barabara zote, bila chembe, na hakuna aliyelalamika kwamba halikukolea. Jioni aliporudi alilichukua sanduku uani, akalijaza nyaya na betri za akiba, akaliingiza chini ya kitanda chake. Mkwe alipouliza lilipo, aliambiwa limehamishwa.