Wanachama Mia Nne na Kumi na Wawili wa Bima ya Hana

Hebu mfikirie mtu anayekuja. Ni Jumanne asubuhi, jua bado halijachachamaa, na kwenye kona ya karakana ya samani anatokeza mwanamume mrefu, mwembamba kama ngazi aliyoibeba begani. Sikioni kachomeka brashi badala ya kalamu, mfukoni kachomeka kalamu badala ya brashi, na vidole vyake vina rangi tatu: nyekundu ya duka la nyama, bluu ya kinyozi, na nyeupe ambayo hata yeye hakumbuki ilikotoka. Ngazi yenyewe leo haina kazi. Kaibeba kwa sababu akiiacha nyumbani dada yake huianikia nguo, na nguo za dada yake hazina haraka ya kukauka.

Huyo ndiye Herufi. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, kitambulisho kipo sandukuni, na ufunguo wa sanduku anao dada. Kazi yake ni kuandika mabango. Ukiliona bango mtaani likasomeka, ni mkono wake. Ukiliona halisomeki, ujue mwenye duka alitafuta nafuu.

Jumanne na Ijumaa Herufi haandiki mabango. Anaandika wagonjwa. Nyuma ya karakana ya samani, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea mbao, kuna zahanati ya watu wasio na bima ya afya, nayo imezaliwa na kitu kinachoitwa ushirikiano. Manispaa ilitoa muuguzi, siku mbili kwa wiki. Shirika moja lilitoa dawa na kompyuta. Seremala alitoa chumba na kitanda kimoja ambacho mteja alikikataa kwa kuwa kifupi. Chama cha akina mama kilitoa maji na ufagio. Wengine kadhaa walitoa pongezi, nao wakaitwa wadau kama wenzao. Siku ya ufunguzi wadau walikuwa wengi kuliko viti, ikabidi wagonjwa wasimame nje ili zahanati yao ifunguliwe vizuri.

Herufi yeye alitoa mwandiko. Muuguzi alikuwa na mwandiko wa kidaktari, ule unaofanana na kuku aliyekanyaga wino, na karani wa takwimu huko makao makuu alikuwa amelalamika mara tatu. Basi Herufi akapewa meza, kiti na rundo la fomu.

Usidhani alifanya hivyo kwa mapenzi ya takwimu. Alikuwa na dada yake. Dada Mkubwa, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, hata wanaomzidi umri, ana kisukari na kidonda chini ya unyayo. Miaka miwili alikitibu kwa ushauri wa jirani, na majirani, Mungu awabariki, hawajawahi kuishiwa ushauri. Kidole kimoja kilishaondoka. Muuguzi alipokiona kidonda hakupiga kelele wala kulaumu. Alisema tu kwamba kikisafishwa na kufungwa kila Jumanne na Ijumaa kwa miezi mitatu, mguu utabaki. Kisiposafishwa, mguu utafuata kidole. Hospitali kubwa ingeweza kumsafisha pia, ila pale mlangoni swali la kwanza si unaumwa nini.

Basi fomu. Ilikuwa fomu nzuri, ndefu, iliyotungwa na watu wasiowahi kuijaza. Juu kabisa iliandikwa kwamba huduma hii ni ya wasio na bima. Chini yake, kisanduku cha tano: Jina la bima ya mgonjwa. Na pembeni, kwa herufi nzito: Kisanduku chochote kisiachwe wazi, mfumo hautakubali.

Herufi ni mtu wa kutii maandishi, ndiyo yanayomlisha. Alimuuliza mgonjwa wa kwanza, Mama Chupa, muuza mafuta ya taa, kama ana bima. Mama Chupa akasema bima ataitoa wapi. Herufi akaandika, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama askari wa gwaride: HANA. Wa pili, HANA. Wa tatu, HANA. Kwa miezi miwili aliandika neno hilo mara mia nne na kumi na mbili, kila moja zuri kuliko lililotangulia. Laiti angekuwa na mwandiko wa muuguzi! Karani angeuliza hiki ni nini. Lakini lilisomeka vizuri mno, hakukuwa na la kuuliza.

Ndipo kikaitishwa kikao cha wadau. Mratibu kutoka shirika la dawa, mama mpole mwenye miwani, alifika na picha za ukutani na habari njema. Alisema amefurahi sana. Walidhani mtaa huu hauna bima, kumbe kati ya wagonjwa mia nne na ishirini walioandikishwa, asilimia tisini na nane ni wanachama wa bima moja ya kijamii iitwayo Hana. Makao makuu walikuwa hawaijui, ila wameipongeza kwa kufikia watu wengi hivyo kwa muda mfupi. Kwa kuwa wananchi hawa wana bima, zahanati itahamishiwa wiki ijayo kwenye mtaa wenye uhitaji.

Watu walipiga makofi. Ndiyo, walipiga, mtu akikwambia asilimia tisini na nane kwa sauti ya upole, mikono hujiendea. Kisha makofi yakapungua, yakabaki ya mdau mmoja wa pongezi, naye akaona aibu akaacha. Hapo Dada Mkubwa, mguu wake juu ya kigoda, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Mdogo wangu," akasema, "kumbe umetukatia bima, hukutuambia?"

Herufi alisimama. Akaeleza kwamba hana ni hana, kwamba asiye nacho hana, na kwamba kosa ni lake kama ni kosa. Mratibu alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukapoteza rangi kidogo kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mjinga. Tatizo, akasema, takwimu zimeshaingia kwenye mfumo. Kuzirekebisha, kila mgonjwa alete barua kutoka kampuni ya bima ikithibitisha kwamba haimjui. Hilo linachukua miezi minne.

Muuguzi akauliza kama kidonda nacho kinaweza kuingizwa kwenye mfumo, kikasubiri huko.

Mratibu aliinamisha kichwa. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na meza, kwamba ipo njia fupi. Bima yenyewe ikiandika kwamba haitoi huduma tena, wanachama wake wote huhesabiwa hawana bima siku hiyo hiyo. Barua moja tu. Iwe na nembo, mfumo unapenda nembo.

Wote wakamgeukia Herufi.

Nyumbani mchana ule hakugusa chakula. Alimwambia dada yake kwamba katika maisha yake ameandika "Mali Mpya" juu ya duka la mitumba na "Karibu Tena" kwenye mlango wa mkopeshaji, lakini hizo zilikuwa kauli za wenye maduka. Hii ingekuwa na sahihi yake. Wakigundua, wanaweza kuifunga zahanati kabisa, na yeye wakamfunga vilevile.

"Wakikufunga nitakuletea chakula," dada yake akasema. "Ila sijui nitakuja na mguu gani."

Herufi akachukua karatasi. Kwanza akachora nembo: kiganja kilichofunguliwa, ndani yake hamna kitu. Kisha akaandika:

"Napenda kukujulisha kwamba Bima ya Hana haina ofisi, haina daktari, haina dawa wala akiba. Haijawahi kumlipia mgonjwa yeyote katika mtaa huu, wala haina mpango wa kuanza. Wote mia nne na kumi na wawili walioandikwa chini ya Hana wahesabiwe kuwa hawana bima. Wako mtiifu, kwa niaba ya wenye Hana."

Mratibu aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akaipeleka barua. Mfumo ukakubali siku hiyo hiyo, tena ukatoa pole kwa wanachama. Ijumaa muuguzi akafungua bandeji ya Dada Mkubwa, na kidonda kilichokuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda kilikuwa kimebaki kama punje ya maharage.

Herufi bado analala vibaya. Anasema ametunga kampuni na kuiua kwa karatasi moja, na mtu mwongo ni mwongo tu. Dada yake anamwambia aisome tena taratibu, sentensi baada ya sentensi, kisha amwonyeshe kwa kidole uongo uko wapi. Ameisoma, na kidole bado kiko hewani. Wewe uliyeisoma pamoja naye, ungekiweka wapi?