Siku Gari Langu Lilipokuja Kazini Peke Yake

Gari langu liliwahi kuingia ofisini bila dereva.

Sitanii. Lilishuka mtaa polepole, likapita getini bila kusimama, likamkosa mlinzi kwa hatua moja, likaenda kugonga kibao chenye jina la kampuni. Kibao kikalala chini.

Ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Tulitoka mbio ofisi nzima. Mkurugenzi wetu, ambaye sote tunamwita Madamu, akalizunguka mara mbili kisha akauliza, "Hii gari ya nani?"

Ufunguo wake ulikuwa ndani ya mkoba wangu.

Nikajifanya sijui.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Sisemi mnihurumie, maana hata mimi sijajihurumia mpaka leo.

Gari lile ni la baba. Ni kagari kadogo, milango miwili, taa za mbele za mviringo, rangi ya krimu. Alilinunua kabla sijazaliwa, akiwa fundi umeme, na ngazi yake aliifunga juu ya paa miaka yote ya kazi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomwanza, akanipa ufunguo.

"Mimi sioni barabara tena," akasema. "Liendeshe wewe. Litakufikisha."

Na kweli lilinifikisha, kila siku, kwa miezi saba. Ila lina mambo yake. Handibreki ilikufa zamani, na starta hugoma ikijisikia. Kwa hiyo unaegesha kwenye mteremko, unaliacha kwenye gia, halafu unaweka kabari ya mbao chini ya gurudumu. Ukitaka kuondoka unatoa kabari, unaliachia literemke, linashtuka lenyewe, safari inaanza.

Sasa mimi nilikuwa nauza nyumba. Nyumba za maana. Wenzangu wanakuja na magari marefu, vioo vyeusi, ukikaa ndani husikii hata honi ya nje. Halafu mimi nije na kale kagari kanakokohoa?

Nikawaambia langu liko gereji.

Miezi saba, gereji. Kijana wa uhasibu, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuna jambo asilolitangaza, akawa ananitania, "Dada, hilo gari limelazwa au limezikwa?" Nami nacheka na wote. Kumbe kagari kenyewe nakaficha mtaa wa juu, nyuma ya jengo, nashuka kwa miguu kama mtu aliyeletwa na teksi.

Asubuhi ile ndiyo kwanza nimeegesha, nikamwona Redio anakuja upande wangu. Nikatoka garini haraka, simu sikioni, najifanya naongea na mteja. Kabari sikuweka. Gia niliiacha fri.

Gari likatulia hapo kama dakika kumi, labda gurudumu lilishikwa na kijiwe. Baadaye likanifuata.

Basi, turudi getini.

"Nauliza tena, ya nani?" Madamu akasema. Mlinzi alikuwa anapangusa vumbi magotini, maana aliruka akaanguka. Suruali yake ilichanika.

Redio akanitazama. Nikasema, tena kwa sauti, "Watu wengine hawana ustaarabu kabisa."

Mlinzi akachungulia kioo cha mbele. Baba alibandika karatasi pale siku nyingi, yenye namba yake ya simu, ili gari likimzuia mtu apigiwe. Mimi nilishaizoea kiasi cha kutoiona. Mlinzi akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Halo?"

Sauti ya baba ikajaa uani.

"Mzee, shikamoo. Una gari dogo la krimu?"

"Marahaba. Ninalo. Kuna nini? Kuna mtu kaumia?"

"Hakuna aliyeumia, mzee. Ila uje."

Baba akaelekezwa, akasema anakuja. Nikakimbilia chooni nimpigie asije. Simu ikaita, ikaita. Alikuwa ameshapanda pikipiki, hasikii. Nikamwandikia ujumbe, halafu nikakumbuka kwamba hawezi kuusoma.

Mngesema ningetoka pale nikiri, yaishe. Nilikuwa na karibu nusu saa nzima ya kufanya hivyo. Nilinawa uso, nikapaka mdomo rangi, nikarudi kusimama na wenzangu.

Alifika na shati lake lililopigwa pasi, lile la kwendea sehemu za heshima. Alishuka kwenye pikipiki akipapasa kwa mguu. Akaangaza macho. Haoni nyuso vizuri, lakini rangi anaziona, na kitambaa changu cha kichwa anakijua. Akaanza kunijia huku anatabasamu, mkono ameshaunyoosha.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mzee, karibu. Unamtafuta nani?"

Baba akasimama. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha akaushusha, akajifanya anajipangusa suruali.

"Simtafuti mtu," akasema. "Nimefuata gari langu."

Madamu akamuuliza nani aliliacha kule juu.

"Mimi."

"Uliliacha bila kuliwekea kitu?"

"Nilisahau. Ni uzee, mwanangu. Nisameheni sana."

"Mzee, ungeua mtu."

"Ni kweli. Ningeua mtu." Akamgeukia mlinzi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwomba radhi yeye peke yake. Akaahidi kurudi na vifaa vyake akisimamishe kibao. Mlinzi akaitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ilikuwa nzima, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake na viatu vyangu virefu.

Baba akaingia garini, akatia ufunguo wake wa akiba, starta ikagoma. Ikabidi lisukumwe. Wenzangu wakakunja mikono ya mashati, nami nikasukuma, upande wa dirisha la dereva. Gari likashtuka. Baba akatoa uso nje, akanitazama kwa yale macho yenye ukungu.

Nyumbani ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Hajawahi kuniita vingine.

"Asante, dada," akaniambia.

Akaondoka. Mtu asiyeona barabara, anaendesha gari lisilo na handibreki, katikati ya njia, ili mimi nisiaibike mbele ya watu wa vioo vyeusi. Nikasikia lori likimpigia honi huko mbele.

Na mimi bado nimesimama.

Mlinzi akanisogelea, akasema taratibu, "Dada, mfuate mzee wako. Haoni yule."

Nikauliza, "Mzee wangu?"

"Kila asubuhi nakuona unaweka kabari. Madirisha ya juu yote yanatazama kule. Sote tunajua, tangu wiki yako ya kwanza. Nilipopiga ile namba nilikuwa nakupa nafasi, nikijua utasema mwenyewe kabla hajafika."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Mzee alivyokukinga vile, ningeanzaje kumuumbua?"

Nikageuka. Redio, mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye msiba, alikuwa anatazama viatu vyake. Madamu alikuwa ameshaingia ndani. Watu wote wale walikuwa wamenitazama nikimkana baba yangu, wanajua, na hakuna aliyecheka.

Ningefurahi wangecheka.

Nikavua viatu nikakimbia. Nilimkuta baada ya kona tu. Alikuwa ameshindwa kwenda zaidi ya pale. Amelibana gari ukingoni, mguu juu ya breki, injini inanguruma, hathubutu kuizima kwa sababu asingeweza kuiwasha peke yake. Mikono yake ilikuwa imeung'ang'ania usukani.

Alinisikia kwa kuhema kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Hakunipa nafasi, akaniwahi yeye.

"Sikukuharibia kazi?"

Hilo ndilo alilouliza. Nililia barabarani mchana kweupe, nikiwa pekupeku, mwanamke mzima.

Kesho yake nilisimama mbele ya wenzangu nikayasema yote, nikamwomba mlinzi radhi, kibao nikakitengeneza kwa pesa yangu. Walinipokea vizuri. Siku hizi naegesha mbele kabisa ya geti, na Redio ndiye anayenisukuma.

Lakini msidhani yaliisha. Unachokificha, watu huwa wameshakiona siku nyingi. Wanachongoja kuona ni wewe utafanya nini siku kitakapokuja mbele yao. Mimi walishaniona.

Baba hajawahi kulitaja jambo lile tena, hata kwa utani. Natamani siku moja anigombeze.