Kle ya Vingt-cinq

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua huko Cibitoke mmeshaisikia ikiwa na chumvi nyingi, na afadhali mnicheke kwa niliyoyafanya kuliko kwa mliyoyaongeza. Ndiyo, ni mimi niliyemuua baba yake Spéciose, Jumamosi mchana, kwa simu, naye mwenyewe yuko chumbani kwake anakoroma.

Spéciose ni mchumba wangu. Baba yake, Papa Gaspard, ni mstaafu wa serikali, anakaa Kinindo, na kwa mwaka mzima alikuwa hajanikubali wala hajanikataa, ananiita tu "kijana huyu" kama mtu aliyeachiwa mzigo asioujua ni wa nani. Nyumbani kwetu wajomba walikuwa wananisubiri mimi, mimi namsubiri yeye atamke neno moja tu, njooni, ili twende kumposa Spéciose. Nilikuwa nampenda mpaka nakonda.

Jumamosi hiyo nikaalikwa chakula, na mezani mzee akalalamika kwamba ordinateur yake, yaani kompyuta, imekuwa nzito, akiiwasha anakwenda kuchemsha chai, anakunywa, anaosha kikombe, akirudi bado haijafunguka. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini mimi (mwalimu wa jiografia, naomba mlikumbuke hilo) nikafungua mdomo: "Papa, hiyo ni ya kufuta yote na kuweka sistemu upya. Nenda ulale, ukiamka utakuta imekwisha." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye faida. Akaingia chumbani, akajifungia kwa ndani kama kawaida yake, na Spéciose akatoka kwenda kununua ndizi.

Sasa, sistemu hiyo ukitaka kuiweka upya, mashine inakudai ufunguo wake, mstari wa herufi na namba ishirini na tano, ambao sisi huku Bujumbura tunauita kle, kama tunavyouita ufunguo wa mlango, na kama mafundi wa magari wanavyoita spana. Huwa umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine. Nikaigeuza. Karatasi ilikuwepo, maandishi yalishafutika zamani. Akili niliyobaki nayo ilinitosha nisifute kitu chochote kwanza, ila haikunitosha nisipige simu.

Nilimpigia Mama Zawadi, Mkongomani wa upande wa Uvira anayefanya biashara sokoni Jabe, ndiye aliyemuuzia mzee ile mashine na wanasali kikundi kimoja. Huko sokoni kelele tupu.

"Mama Zawadi, niko kwa Papa Gaspard, natafuta kle."

"Kle gani, mutoto wangu? Mi sisikie muzuri."

"Ile ya vingt-cinq." (Nilitaka kusema ya herufi ishirini na tano, lakini kwa kelele zile nikafupisha, na ufupi huo ndio ulioniponza.) "Bila hiyo siwezi kuingia ndani kabisa."

"Na Papa mwenyewe iko wapi?"

"Papa amelala."

"Amelala?"

"Amelala, Mama. Fanya haraka." Na simu ikakatika.

Nyinyi mnaosali mmeshaelewa: kwenye vikundi vya sala mtu hafi, analala. Mimi sikuelewa, nilikaa pale najipongeza kwamba kle inakuja, mpaka akatokea fundi mmoja wa malori aliyetumwa na Mama Zawadi, anaitwa Kiza, mikono yote mafuta, ameshika spana ndefu kama mkono wake, saizi ishirini na tano.

"Kle ya vingt-cinq ni hii," akasema. "Pole sana, kaka."

"Sema polepole, Papa amelala."

Akavua kofia. "Alilala saa ngapi?"

"Baada ya kula."

"Alikula nini?"

"Mukeke na lengalenga."

Kiza akatikisa kichwa. "Mukeke," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye siku zote alikuwa akimshuku yule samaki.

Kabla sijamuuliza spana hiyo naipachika wapi kwenye ordinateur, geti likafunguka. Akaingia Mama Zawadi, na nyuma yake nusu ya kikundi cha sala, vitenge vimefungwa kiunoni, wawili wamebeba sufuria ya maharage ya kulisha waombolezaji, na jirani mmoja kashaanza kupanga viti vya plastiki uani. Nikajaribu kueleza, haki ya Mungu nilijaribu, nikasema mimi nilitaka kle ya ordinateur, Mama Zawadi akanikumbatia kichwa mpaka masikio yakaziba. "Muache aseme," akawaambia wenzake, "ni uchungu. Alimupenda sana." Nikasema Papa amelala tu. Wakajibu wote kwa pamoja, "Amelala," na wimbo ukaanza.

Mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa. "Kiza, fungua," akasema Mama Zawadi, na Kiza akaingiza ile spana kwenye ufa, akabonyeza mara moja, kitasa kikaanguka sakafuni. Papa Gaspard akatokea na singlendi na soksi moja. Mama mmoja akakimbia mpaka getini, kandambili zikabaki.

"Papa," akasema Mama Zawadi, "umefufuka?"

"Mi niliamuka tu," akasema mzee. "Nani amekufa?"

Wote walinitazama mimi.

Spéciose akarudi na ndizi zake, nikamweleza mbele ya watu wote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mashine si bado inawaka?" akauliza. "Basi kle si iko ndani yake?" Akatafuta kidogo kwenye simu yake, akaandika mstari mmoja kwenye ile ordinateur, na herufi zote ishirini na tano zikajipanga kwenye kioo. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya mlango.

Papa Gaspard alikuwa amekaa kwenye kiti kilicholetwa kwa msiba wake, anakula maharage ya msiba wake. Mimi nilikuwa nimeshamuaga Spéciose moyoni.

"Kijana," akaniita. "Siku ya kuposa, kwenu, mwenye kuoa anaongeaka?"

"Apana, Papa. Anaongea musemaji wa familia. Mwenye kuoa ananyamaza tu."

Akatafuna, akameza. "Basi mukuje. Ila simu yako ibaki nyumbani."

Nimeapa, mashine yoyote nitaiuliza yenyewe kwanza kabla sijauliza binadamu. Na tulikwenda, jamani, tukaposa, nikanyamaza kweli kweli, hata Papa Gaspard aliponiuliza mwenyewe kama nataka maji, nilimtazama kwanza msemaji wetu.