Sabuni Tuliyoibeba Hadi Petta

Nilipofiwa na mume wangu niliingia kazi ya dhahabu hapa Tiira, upande wa Uganda karibu na mpaka. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukaponda mawe na kuosha mchanga. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, ukingo wa shimo ulibomoka ukanifukia hadi kifuani. Walinifukua mzima, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo nikikaribia shimo miguu inakataa. Nikabaki nyumbani na wanangu, tukila mihogo ya jirani.

Wakati huo wanafunzi wa chuo kimoja cha Tororo walikuwa wameanzisha kikundi cha kuwafundisha kina mama kutengeneza sabuni ya maji. Walikuja uwanja wa kanisa letu Jumamosi, na ndoo na dawa zao za sabuni. Aliyenishika mkono mimi alikuwa msichana wa Petta, huko huko Tororo. Yeye Mjopadhola, mimi Msamia, basi tukaelewana kwa Kiswahili chetu cha soko. Alinionyesha kukoroga polepole na kutia chumvi kidogo kidogo mpaka sabuni ishike uzito.

Kutengeneza nilijua upesi. Kuuza ndiko kulikonitisha. Tulivuka pamoja hadi Busia ya Kenya, nikasimama mlangoni mwa hoteli ya mama mmoja wa Kiislamu, dumu mkononi. Nikamnong'oneza yule msichana aongee yeye.

"Sabuni ni yako, mama," akasema. "Sema wewe. Mimi niko hapa nyuma."

Nikasema, sijui hata nilisema nini. Mwenye hoteli alichukua sufuria ya pilau iliyoungua, akamimina kidogo, akasugua mpaka ikatakata.

"Ijumaa lete nyingine," akasema.

Sijarudi shimoni tena. Wenzangu wawili tuliokuwa tukiponda mawe pamoja wamejiunga nami; tunakorogea uani kwangu, na watoto wanasoma.

Wale wanafunzi walimaliza chuo wakatawanyika. Mwaka jana yule msichana wangu wa Petta aliolewa. Sisi watatu tulibeba madumu ya sabuni hadi kwao Petta, tukajifunga leso, tukaosha vyombo vyote vya harusi. Alitukuta nyuma ya jiko, akatusihi tuache, sisi ni wageni wake.

"Mwanangu," nikamwambia, "tuache tushukuru."

Akakusanya gauni lake jeupe, akaketi kwenye benchi karibu nasi, tukapiga soga mpaka walipokuja kumwita.