Siku Isiyolimwa

Mama yangu alishika jembe kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na miwili. Alizaliwa Biryogo, kati ya maduka na vyerehani, katika ukoo wa Waislamu ambao babu zao walifika Kigali na mizigo ya vitambaa, na kwa watu wa ukoo huo kulima ilikuwa kazi ya watu wa milimani. Chakula kilitoka sokoni. Hakuna aliyeuliza kilifikaje huko.

Kisha mwaka tisini vita vikaanza kaskazini. Vitambaa vikawa haba, na mabwana wa ofisi za Kimihurura waliokuwa wakimletea baba suti za kushona wakaridhika na suti za mwaka juzi. Tukahamia Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, ambako kodi ilikuwa nafuu na nyuma ya maduka kulikuwa bado na mashamba mpaka bondeni. Najua msomaji akiona jina la Kigali na miaka ile anangoja habari nyingine. Habari hizo zilikuja, na kwetu hazikupita mbali. Leo naandika ya maharage.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha matuta kumi na mawili. Tuliazimwa na jirani yetu, mjane wa makamo, mtu wa kanisani kila Jumapili na mwenye ulimi mkali siku nyingine zote. Alimwambia mama kwamba mwanamke anayenunua maharage kwa kikombe anatia aibu kilima kizima. Sharti lake lilikuwa moja: mama alime kama wanavyolima wao. Mama alikubali papo hapo, wala hakuuliza wao wanalimaje.

Shangazi zangu wa Biryogo walicheka mpaka wakakohoa. Walisema atayapiga maharage pasi. Lakini mama alilipenda shamba lile kwa namna iliyotushangaza. Kila alasiri aliteremka kuyatazama maharage yake, hata siku ambazo hapakuwa na la kufanya. Nyumbani kila kitu kilikuwa cha baba au cha wateja wa baba: meza, pasi, hata ukimya, maana baba alipokuwa anapima kitambaa hatukuruhusiwa kuongea. Matuta kumi na mawili yalikuwa yake.

Baba alikuwa fundi cherehani na mtu wa kuziba. Kilichochanika kwetu kilishonwa siku hiyo hiyo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema, na alikuwa ameisema mara nyingi kiasi kwamba mimi, niliyekuwa na miaka kumi na tisa na kazi ya kumkazia vifungo, nilikuwa naimalizia kabla yake. Hakupenda nifanye hivyo.

Msimu wa mvua kubwa wa mwaka tisini na mbili maharage yalitoa maua mengi. Mama alikuwa amekwisha kuahidi gunia moja Biryogo, ili wale waliocheka wale huku wamenyamaza. Alasiri moja ikashuka mvua ya mawe, ambayo Wanyarwanda huiita urubura. Haikuchukua muda zaidi ya wa kunywa kikombe cha chai. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana, na ilipokatika tukateremka sote watatu. Majani yalikuwa yametobolewa, mashina yamelala, na maua yamechanganyika na barafu kwenye mifereji. Mama alichuchumaa, akalinyanyua shina moja, akalilaza tena. Kabla hajasema neno baba alikuwa ameshaanza kuuliza nyumbani kuna vijiti vingapi.

Asubuhi hakufungua duka. Alichukua mkasi na gunia la mabaki ya vitenge, tukaenda shambani kuinua mashina. Yeye alichomeka kijiti, mimi nikasimamisha shina, yeye akalifunga kwa kipande cha kitambaa, fundo dogo safi kama analofunga mwisho wa mshono. Mama alitufuata nyuma akitoa majani yaliyokufa.  Tulipofika tuta la sita niliona kwamba bonde lote lilikuwa kimya na hakuna jembe lililokuwa linalia popote. Nilidhani watu wamekata tamaa, na nakiri nilijiona bora kuliko wao.

Jirani alikuja haraka, akasimama mpakani. Hakutia mguu ndani.

"Fundi, toka mu shamba!" alisema. "Jana urubura imeanguka. Leo hakuna mutu analima."

"Mama, silimi," baba akamjibu jirani. "Nafunga tu."

"Kufunga, kulima, yote iko kazi. Unataka irudi?"

Baba akasema mvua inaletwa na Mungu, haiitwi na jembe, na kwamba mtu wa kanisani alipaswa kulijua hilo kuliko yeye. Lilikuwa jibu zuri, na kwa jambo lililokuwapo pale halikusaidia kitu. Jirani hakumtazama tena. Alimtazama mama. Mama akaweka chini majani aliyoshika, akatoka shambani, akapanda nyumbani bila kugeuka. Baba alibaki mpaka adhuhuri akamaliza matuta yote, na mimi nilibaki naye kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuondoka.

Desturi yenyewe nilikuja kuielewa polepole. Urubura ukianguka, kesho yake hakuna anayegusa udongo, kwa kuwa anayeugusa anauita urudi. Watu hukaa vizingitini. Wanatembeleana, wanaambiana "ihangane", yaani pole, jipe moyo, neno lile lile wanaloambiwa wafiwa. Anayetengeneza pombe ya mtama huitoa. Kila mmoja anaeleza amepoteza nini, hata kama wenzake wamekwisha kuliona shamba lake kwa macho yao. Sikuamini kwamba mawe ya angani huitwa na jembe, na bado siamini. Lakini nimeona wakulima wengi tangu wakati huo, na sijaona njia bora ya kupitisha siku kama ile.

Vitambaa vile vikatuletea balaa la pembeni. Mwaka ule vyama vya siasa vilikuwa vimezuka kila mahali, na kila kilima kilikuwa na bendera zake. Kutoka barabarani shamba letu lilionekana limepambwa, na siku ya pili akaja mtu wa ofisi ya mtaa kuuliza ile ni rangi ya chama gani. Baba akamwonyesha gunia. Yule bwana aliyapekua mabaki yote, moja moja, akaondoka bila kuridhika.

Siku ya nne urubura ulirudi.

Mawe yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, ila yalimpata kila mtu. Mtama wa jirani, ambao mara ya kwanza ulikuwa umepona, sasa ulivunjika katikati. Kwenye shamba letu vijiti vilibaki vimesimama na vitambaa vyake, na mashina hayakuwapo. Kabla ya magharibi kilima kizima kilikuwa kinajua kwamba fundi ndiye aliyeuita. Wanawake bombani walinyamaza mama alipofika. Siku zile watu wa Kigali hawakuwa na uhaba wa sababu za kuchukiana, na sisi tulikuwa tumewaongezea moja kwa mikono yetu. Niliogopa. Nilimwogopea mama zaidi, kwa kuwa kipande kile kilikuwa cha kuazima, na cha kuazima hurudishwa kwa neno moja.

Tangu siku ya vitambaa mama alikuwa hamsemeshi baba. "Mwambie baba yako chai iko tayari," alikuwa ananiambia, na baba yuko hatua mbili kutoka alipo yeye. Nami namwambia. Baba ananijibu mimi kwamba amesikia.

Asubuhi baada ya urubura wa pili mama alikaa kizingitini nyuma ya nyumba, mikono juu ya magoti. Baba hakufungua duka. Sidhani alikuwa ameamini. Nadhani alikuwa amechoka kutazamwa. Alizunguka uani, akanyoosha kamba ya nguo ambayo haikuwa imelegea. Jirani akaja na wanawake wawili wa kilimani. Nikawatandikia mkeka, wakakaa.

"Watu wanasema nikunyang'anye shamba," jirani akamwambia mama.

"Na wewe dada unasemaje?"

"Mimi nimekuja kusikia."

Baba akaingilia. Akaanza kueleza kwamba mashina aliyoyafunga yalikuwa yameshika, kwamba tuta la tatu lilikuwa limeanza kutoa majani mapya, na kwamba kama si mvua ya pili...

"Nyamaza," mama akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia kwa siku nne.

"Lile shamba lilikuwa langu," akaendelea. "Katika nyumba hii ndicho kitu changu pekee. Lilikufa mbele ya macho yangu, na wewe hukuniacha hata nililie. Uliniletea vijiti!"

Akalia. Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na wanawake wa kilima kile nao walikuwa wamejifunza njia hiyo. Mama hakuwa ameijua. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, kama wanavyolia msibani Biryogo, na mimi niliona aibu kwa dakika moja hivi, halafu nikalia pia. Baba alishtuka. Nilimwona anatafuta kwa macho: maji, leso, kiti, chochote. Akageuka kuelekea ndani.

"Kaa, fundi," jirani akasema. "Hii hakuna kushona."

Baba akakaa. Hakukuwa na nafasi kwenye mkeka, akakaa kwenye udongo na suruali yake safi.

Tulikaa hivyo asubuhi yote. Mama aliponyamaza, jirani akaanza kusimulia mtama wake, jinsi ulivyokuwa unamfika begani, na wale wawili wakasimulia ya kwao. Kila mmoja alipomaliza wengine walisema "ihangane". Mara ya tatu baba naye akalisema, taratibu, bila kuongeza neno wala shauri.

Jua lilipopita utosi wageni waliinuka. Jirani alijipangusa kitenge, akamwambia mama, "Kesho tunapanda viazi vitamu. Lete na jembe la fundi." Hakuna kingine kilichosemwa kuhusu shamba, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baba hakuinuka. Alibaki pale uani, na mama akabaki kizingitini, na cherehani ndani hakikuguswa mpaka jua likaanza kupoa. Nilikuwa nachambua mchele karibu nao niliposikia baba anamwuliza mama, yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi, yale maua yalikuwa na rangi gani. Hakuwahi kuyatazama.

 Mama akaanza kumweleza, tuta kwa tuta, kuanzia la kwanza.