Mama Hodi na Dirisha la Dawa

Mkurugenzi hakuacha kubisha hodi kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe. Funguo anazo mkononi, cheo chake kimebandikwa pale juu kwa herufi za shaba, na bado anagonga, anasikiliza kidogo, ndipo anaingia. Zamani, kituo cha utafiti wa uraibu kilipokuwa chumba kimoja nyuma ya maabara ya chuo, wagonjwa waliotetemeka kwa kukosa unga wa kulevya walilazwa humo humo ofisini, naye hakutaka kumshtua mtu aliyepata usingizi. Baadaye kituo kikapata jengo, watafiti na wageni wenye tai, lakini mkono wake haukupata habari hizo. Wagonjwa wakamwita Mama Hodi, na jina likamganda.

Muuguzi wa dirishani alikuwa chini yake kwa miaka mingi. Kila asubuhi, kupitia dirisha dogo lenye nondo, aliwapa watu dawa ya maji inayotuliza kiu ya unga. Utaratibu aliuweka Mkurugenzi: ukishakunywa, sukumia na maji, kisha sema jambo lolote kwa sauti. Mwenye dawa mdomoni hawezi kusema, na asiyesema haondoki. Basi foleni ikageuka baraza.

"Sista, umependeza leo. Unaenda kuposwa au kudai talaka?"

"Naenda kuomba likizo, nipumzike na sura zenu. Anayefuata!"

Aliyefuata, asubuhi nyingi, alikuwa mdogo wa kiume wa Mkurugenzi. Wenzake walimwita Wakili, kwa kuwa alibishana hata na kivuli chake. Siku moja Wakili alikunywa, akashika koo kuonyesha kwamba linauma, akainamisha kichwa kwa adabu, akaenda zake. Muuguzi aliona haya kumrudisha. Ndugu wa bosi, mbele ya foleni nzima, aambiwe apanue kinywa kama mtoto? Kesho yake koo likauma tena, na haya ikawa mazoea. Wenzake walipiga kelele, "Wakili kapewa kinga ya mbunge!" Muuguzi akacheka nao, akamwita anayefuata.

Kisha mama mmoja anayeuza mitumba getini akaokotwa nyuma ya vyoo vya chuo, pumzi zake zikihesabika, kando yake kichupa kitupu. Mtu alikuwa amemuuzia dawa ya maji, akidai ni ya kuleta usingizi. Hospitali walimrudisha duniani kwa taabu.

Mkurugenzi aliingia chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Imetoka kwetu, imetemwa chupani," alisema. "Nani hasemi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, mwanangu. Nani hasemi?"

"Mdogo wako."

Mkurugenzi aligeukia ukuta. Huyo ndugu alimlea tangu mama yao alipofariki. Alishamzoa vichochoroni mara zisizo na idadi, akamwogesha, akamlisha, akaanza upya.

"Umemwambia mtu?"

"Hapana."

"Sawa," alisema, akatoka.

Muuguzi hakuielewa hiyo sawa. Sawa ipi? Sawa tunyamaze, au sawa utanitambua? Alikuwa na watoto watatu na hakuna mwingine wa kuwalisha. Usiku huo alipika, akasahau kuwasha moto chini ya sufuria.

Kamati ya chuo ilikaa ghorofa ya juu, kwenye baridi ya kiyoyozi. Mkuu wa kitivo alitaka dirisha lifungwe kabla waandishi wa habari hawajafika. Watu mia mbili na zaidi wangeamka kesho bila dawa, na muuguzi alijua wangeelekea wapi. Kisha mkuu wa kitivo akalegeza sauti, akamgeukia Mkurugenzi.

"Lakini kama ni uzembe wa mtumishi mmoja, tunamwondoa, mambo yanakwisha, dirisha linabaki. Profesa, nadhani mtumishi mwenyewe ni huyu hapa?"

Macho yote yakamwangukia muuguzi. Yeye alimtazama Mkurugenzi, ambaye alikuwa akinywa maji polepole, kana kwamba glasi haina mwisho. Neno moja tu lilitosha: ndiyo. Dirisha lingepona, na ndugu angebaki amefichika.

"Mtumishi ni mimi," alisema Mkurugenzi. "Aliyeitoa dawa nje ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimleta kwenye dirisha langu, nikijua hakuna mfanyakazi wangu atakayethubutu kumkemea. Ilinipasa kumpeleka kituo kingine. Sikutaka awe mbali na macho yangu."

"Unaelewa unachokisema?"

"Ndiyo maana nakisema kwa sauti."

Dirisha halikufungwa. Muuguzi alipewa karipio kali, akabaki kazini. Mkurugenzi aliondolewa, na kabla ya kusimama alishikilia jambo moja mpaka akakubaliwa: mdogo wake asifukuzwe kwenye matibabu, maana angerudi kwenye sindano.

Kesho yake muuguzi alimbebea Mkurugenzi boksi la vitabu hadi kwenye gari. Hakujua kwamba hawataonana tena. Mama Hodi alikwenda kufundisha mji mwingine, na maradhi yakamchukua huko. Asubuhi hiyo, ng'ambo ya ua, foleni ilikuwa imeanza kujipanga, Wakili yumo, anatazama viatu vyake.

"Mama, mimi ndiye niliye..."

"Bonyeza hilo buti la gari, huwa halifungiki vizuri."

Muuguzi akalibonyeza. Mkurugenzi aliwasha gari, akamtazama mdogo wake kwa muda, kisha akamgeukia muuguzi.

"Mwambie aseme," alisema. "Akigoma, usinipigie simu. Ukinipigia, nitakuja kumtetea."