Lipime Pale Linapolala

Mafundi umeme wa magari waliowahi kupita Mbinga ni wengi, na wengi wao walituachia moshi tu. Egidi Ndunguru hakuwa wa namna hiyo. Alijifunza kazi kwa wamisionari, akakaa karakana ya ushirika pale mjini zaidi ya miaka ishirini, na lori lililowashinda wengine alilisikiliza nusu saa likawaka. Mimi, Asteria, nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi cha kahawa upande wa Namswea, kwa hiyo nayasema haya kwa kuyaona. Sina ugomvi na mikono ya Egidi. Ugomvi wangu ni na mdomo wake, na kalamu yangu iliyouandika.

Alikuwa na kiburi cha mtu anayejua. Miaka ya shida ya vipuri ilimpa jina, maana alikuwa akitengeneza kitu kutokana na takataka, na waya uliotoka kwenye redio mbovu aliweza kuupa kazi nyingine miaka kumi. Kila alipounga waya alifunga kiungo kwa mpira wa baiskeli na kukaza mafundo matatu. Alisema gari halisemi uongo, mwongo ni dereva. Tulicheka, kwa kuwa madereva wetu kweli walikuwa waongo.

Dereva wa lori la chama aliitwa Othmar, mtu wa Lipingo, ziwani. Alikuja huku milimani kutafuta kazi na akaipata, na kwa Wamatengo wenzangu hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Ghala letu liko kwenye mteremko, na gari huku halilazwi ovyo. Unaliegesha pua ikitazama bondeni, unatia gia ya rivasi lisiteleze, unaweka jiwe chini ya tairi. Asubuhi betri ikigoma, unaondoa jiwe, unaliachia, linashtuka na kuwaka kabla ya kufika daraja la bondeni. Kila dereva wa Mbinga anafanya hivyo, na asiyefanya hivyo tunamwita mgeni.

Mwaka 1992 betri zilianza kufa. Siku za kazi hazikuwa na neno, lakini kila Jumatatu lori lilikuwa limezimika kabisa. Tukanunua betri mpya mbili, zikafa. Tukanunua nyingine. Jumapili huku hakuna kazi, watu wako misani, na Othmar, ambaye ni Mwanglikana asiye na kanisa lake huku, alibaki nyumbani kwake jirani na ghala akipiga redio kaseti. Basi maneno yakajitunga. Wakasema anafungua betri za chama anapigia disko. Aliwaonyesha mawe ya tochi anayotumia, yamejaa kopo zima. Nani amtazame mtu wa ziwani na kopo lake?

Kamati ikaamua lori lipelekwe kwa Egidi alipime. Alilipima kwenye uwanja wa karakana, mahali tambarare, gia ikiwa huru. Alifungua waya wa hasi kwenye betri, akaweka taa yake ndogo kati ya betri na ule waya. Kama kuna kitu kinanyonya umeme, taa huwaka. Haikuwaka. Kesho yake alikuja kwenye kikao, amevaa koti.

"Lori ni zima," alisema. "Betri haijimalizi yenyewe. Imemalizwa na mtu."

Othmar alisimama akamwomba kitu kimoja tu: alipime pale linapolala. Aje Namswea Jumapili, alione likiwa limeegeshwa. Egidi alimjibu kwamba fundi hafundishwi na dereva, na wajumbe wakacheka. Mimi nilicheka na kuandika. Niliandika kwamba fundi amethibitisha wizi, ingawa neno wizi hakulitamka. Nililiongeza mimi kwa sababu muhtasari ulihitaji neno. Othmar akafukuzwa siku hiyohiyo, na barua ya kufukuzwa ikamtangulia Lipingo kwa mkono wa mfanyabiashara wa dagaa, ikiwa wazi, na neno wizi limo.

Kisha ukaja ule uhuru wa soko tuliohubiriwa. Wanunuzi binafsi walipanda na magari yao na fedha mkononi, wakulima wakawauzia, na chama kikafa kama mtu anavyokufa akiwa kwenye foleni ya hospitali. Karakana ikafungwa, Egidi akaanza kufanyia kazi pembeni mwa stendi. Ghala likachukuliwa na mnunuzi mmoja, na lori lililokuwa limelala juu ya matofali akalinunua pia, akalifufua. Mimi nikaanza kuuza chai na maandazi mbele ya mlango ambao nilikuwa nikiufungua kwa ufunguo wangu. Madaftari ya chama yalitupwa nje, nikayachukua kwa ajili ya kufungia maandazi.

Mwaka 1996, Jumatatu moja asubuhi, dereva mpya Dastan alikuta lori limezimika. Bosi wake hakutaka habari za kuliachia mteremkoni. Akatuma gari dogo likamleta Egidi mpaka Namswea, lori likiwa bado limeegeshwa vilevile kama zamani, pua bondeni.

Nilikuwa nakaanga, nikaona yote. Alifunga betri ya kuazima, akafungua waya wa hasi, akaweka taa yake. Ikawaka. Akachomoa fyuzi moja moja mpaka zikaisha, taa bado inawaka. Akatabasamu, maana fundi hupenda ugonjwa unaojificha. Akamwambia Dastan apande atoe gia. Dastan akatoa, taa ikazima. Akamwambia arudishe rivasi. Ikawaka tena.

Tabasamu likaisha. Alilala chini akaingia uvunguni upande wa nyuma, akakaa huko muda mrefu. Alipoitoa mbao ya nyuma ya bodi niliona doa la kahawia upande wake wa ndani, limeungua polepole. Taa za rivasi zilikuwa nyuma ya mbao hiyo, zikiwaka usiku na mchana kila lilipolazwa na rivasi, bila mtu kuziona. Waya wake ulikwenda moja kwa moja kwenye betri, haukupitia fyuzi wala swichi ya ufunguo, ila swichi ya gia tu, na kiungo chake kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, mafundo matatu.

Alikumbuka mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1991 swichi ya ufunguo iliungua, kipuri hakikuwepo, akazipatia taa hizo umeme wa moja kwa moja, kwa muda. Wiki ileile maseremala wakarefusha bodi ili libebe magunia zaidi, wakazifunika. Naye akasahau. Kila tulivyoogopa betri itakufa ndivyo tulivyoliegesha kwa rivasi, na kila tulipoliegesha kwa rivasi ndipo betri ilipokufa. Siku za kazi injini iliijaza tena. Jumapili ndiyo iliyoimaliza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Egidi angeweza kuukata waya ule na kunyamaza. Alikuja kwenye meko yangu, mikono ina grisi, akaniuliza kama daftari la vikao bado lipo. Nilikuwa nimeshachana kurasa mpaka mwanzo wa 1992, lakini ukurasa wa kikao kile ulikuwa bado. Akaniambia, "Dada Asteria, andika hapo chini kwamba nilikosea." Nikaandika, akatia sahihi. Chini yake nikaandika kwamba neno wizi lilikuwa langu. Wiki iliyofuata tukashuka ziwani.

Tulimkuta Othmar anashona wavu mbele ya nyumba. Alimwamkia Egidi shikamoo, kwa kuwa Egidi amemzidi umri, na ile marahaba ilimtoka Egidi kwa shida. Mkewe Ephrasia alitupatia viti. Egidi alieleza yote, waya, mbao, gia, hakujificha popote, kisha akanitaka nisome daftari. Nikasoma. Niliona haya.

Egidi akasema yuko tayari kusimama mbele ya kamati amsafishe.

"Kamati ipi?" Othmar aliuliza.

Chama hakipo, mwenyekiti amehamia Songea, wajumbe waliocheka wanamuuzia kahawa mwenye lori. Nilikuwa nimeshika daftari la watu wasiokuwepo.

Othmar aliuweka wavu chini. "Baba alikuwa mzee wa kanisa hapa," alisema. "Barua ile alisomewa na watu kabla mimi sijafika. Tangu siku hiyo, kila nikiingia chumbani kwake alikuwa anafunga sanduku lake kwa ufunguo. Miaka mitatu. Hata alipokuwa hawezi kuinuka, alinyoosha mkono akafunga. Tumemzika mwezi wa tatu."

Hakupandisha sauti. Egidi alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, na hakuna aliyembembeleza. Mimi nilitamani Othmar atutukane, ingekuwa nafuu.

Tulipoaga, Ephrasia alitoka ndani na kifurushi cha dagaa wakavu, kama inavyotakiwa mgeni asirudi mikono mitupu. Egidi akarudisha mikono nyuma, akasema hawezi, hastahili. Othmar alikichukua kile kifurushi kwa mkewe akamshikisha.

"Pokea tu, fundi," alisema. "Si wa wizi."